Kipupwe Luka Alipoanza Kujibu

Jumapili, 4 Juni 2017

"Mtu asiyeweza kusema hawezi kuimba. Mnampotezea muda, Emiliana, na mnamvunjia heshima." Maneno hayo ni ya wifi yangu Nontsikelelo, tunayemwita Ntsiki, dada mkubwa wa mume wangu. Aliyasema leo mezani kwangu nilipomwambia tunaanza tiba ya muziki, kikombe changu mkononi mwake, naye mume wangu Luka ameketi katikati yetu akisikia kila kitu. Nayaweka hapa kama alivyoyatamka ili niyavunje vizuri.

Si kweli kwamba kusema hutangulia kuimba. Mtoto mchanga hufuata sauti ya mama yake anayembembeleza miezi mingi kabla hajaweza kuomba maji. Wala si kweli kwamba aliyepoteza maneno amepoteza na nyimbo. Tangu karne ya kumi na nane madaktari wanaandika habari za watu walioshindwa kutamka sentensi moja nyumbani lakini kanisani wakaimba beti nzima. Mimi nimezisoma habari hizo, Ntsiki hajazisoma. Na kuhusu heshima: ni heshima gani hiyo ya kumweka mtu dirishani, kumfuta mdomo na kumsemea?

Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana malezi. Kisha akauliza, kwa Kiingereza chake cha mwalimu mkuu mstaafu, "Alipoanguka jikoni mwezi wa tano, alimwita nani?"

Hakumwita mtu. Luka alipata kiharusi Februari. Mkono na mguu wa kulia vimelegea. Akili iko timamu, lugha zake zote anazielewa, lakini katika maneno yote aliyokuwa nayo limebaki moja: "basi". Ukimuuliza kama anataka chai, basi. Ukimuuliza kama anaumwa, basi. Siku ile alilala sakafuni mpaka niliporudi kutoka mahakamani ninakofanya ukalimani, na jirani yetu Chiku, anayeshona nguo ng'ambo ya ukuta, hakusikia kitu.

Kwa hiyo tumekubaliana, au tuseme nimekubalishwa. Mwisho wa Agosti, kama Luka bado hawezi kumwita mtu amsaidie, Ntsiki atamchukua kwenda Komani, kwao, Rasi ya Mashariki, ambako nyumba haikosi mtu.

"Na huko atasikia lugha ya mama yake," alisema. "Maneno yatarudi yenyewe, makoti."

Makoti maana yake bi harusi. Nimeolewa tangu mwaka themanini na nane.

Alhamisi, 8 Juni

Ukumbi wa nyuma ya kanisa, Doornfontein, hapa Johannesburg. Baridi ya kukata masikio, hita moja, viti vya plastiki. Mtaalamu wetu ni Hélène, binti aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia hapa hapa Yeoville, aliyesomea chuo kikuu namna ya kutibu kwa muziki. Ana kinanda, manyanga, ngoma mbili na subira inayoniudhi. Alimshika Luka mkono wa kushoto, akawa anaupigisha taratibu juu ya meza, huku akimwimbia maneno mafupi: na-ta-ka ma-ji. Alinieleza kwamba njia ya kawaida ya maneno kichwani imekatika, na kwamba mdundo na sauti vinaweza kupita uchochoro mwingine. Nilimwambia nimeyasoma hayo.

"Najua umesoma, Maman," akasema. "Kaa kidogo."

Wagonjwa ni wachache, wengi wao Wakongo. Anayesema kuliko wote ni Gustave, fundi cherehani wa Bukavu, ambaye kiharusi kilimnyima mkono. Aliniona nafuta macho akasogeza kiti. "Maman Emiliana, usilie. Mimi mkono yangu ilikufa, lakini mdomo iko inafanya kazi saa zote. Nitampatia Papa Luka nusu."

Luka: basi.

Alhamisi, 15 Juni

Leo tumejaribu nyimbo za ukombozi. Nani asingefikiria hivyo? Luka ni mtu aliyeondoka Afrika Kusini kijana akiwakimbia makaburu, aliyeishi kambini Morogoro miaka kumi na kitu, aliyezika wenzake ugenini. Hélène alikuwa na wazo hilo, Gustave alikuwa nalo, mimi nilikuwa nalo kabla yao. Ukumbi mzima uliimba mpaka watu wakachungulia kutoka barabarani. Luka aliangalia dirisha.

Basi.

Jumanne, 20 Juni

Mabomba yameganda asubuhi. Nimechelewa mahakamani.

Alhamisi, 29 Juni

Tenzi za Kixhosa. Ntsiki, asiyeamini, amezirekodi mwenyewe kwa simu kutoka Komani na kumtumia bintiye anayeishi Turffontein, hapa jijini, aliyenitumia mimi. Sauti yake ni nzuri, nakiri kwa shingo upande. Luka alisikiliza amefumba macho, nikadhani sasa. Alikuwa amelala.

Alhamisi, 6 Julai

Tumegombana na Hélène. Nilimletea kurasa nilizochapisha, utafiti wa Wamarekani na Wafini, nikamwonyesha kwamba mara moja kwa wiki haitoshi, nikamweleza anachokosea katika kasi ya mdundo. Alizipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema:

"Maman, umesoma kuliko mimi. Lakini nikimuuliza Papa Luka swali, nani anajibu?"

"Yeye hawezi kujibu!"

"Nimeuliza kama viatu vinambana. Umejibu wewe. Nimeuliza kama amechoka. Umejibu wewe. Hata Gustave alipomsalimia, umeitikia wewe."

Gustave akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Nilimwambia kwamba mke ana haki zake, kwamba yeye ni mtoto wa juzi, na kwamba sikuja kufundishwa ndoa. Tulipanda teksi kurudi Yeoville mimi na Luka bila mimi kusema neno. Kwenye roboti ya pili, ndizo taa za barabarani za huku, aliniangalia kwa mshangao, akaweka mkono wake mzima juu ya goti langu.

Alhamisi, 13 Julai

Nilikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyenipongeza. Luka alipoulizwa kuhusu viatu alitikisa kichwa: havimbani. Kumbe swali lilikuwa na jibu.

Jumatano, 19 Julai

Upepo, vumbi, nyasi za bustani zote rangi ya katoni. Luka hataki kula.

Alhamisi, 27 Julai

Ntsiki amekuja. Amefikia kwa bintiye, na leo akataka aone kwa macho yake huo muziki. Nilijua amekuja kukusanya ushahidi, nikamketisha mbele kabisa ili akusanye vizuri.

Hélène alirudia nyimbo za ukombozi, taratibu, safari hii kwa ngoma peke yake, bila kinanda. Watu wakaimba. Luka kimya. Ntsiki akaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mnamwimbisha Luka?" akasema. "Luka huyu? Mchungaji alimtoa kwenye kwaya ya watoto, akamwambia Mungu anasikia hata walionyamaza. Mama alilia wiki nzima. Tangu siku hiyo sijamsikia akiimba hata siku ya kuzaliwa kwa mtu."

"Lakini kwenye mikutano ya uhamishoni..." nikaanza.

"Ulimsikia wewe? Kwa masikio yako?"

Hélène aliacha ngoma.

"Sasa wenzake wakiimba, yeye alikuwa anafanya nini?" akamuuliza Ntsiki.

"Anapiga miguu chini. Kwenye mazishi ya baba, watu wote wanaimba, yeye anapiga miguu tu, tena kwa nguvu, mpaka viatu vikachanika."

Nilimtazama wifi yangu nikaona jambo ambalo sikulifikiria miaka yote hii. Yeye ndiye aliyemjua mtu huyu kabla sijamjua, kisha akaporwa. Akamngoja miaka kumi na mitano bila barua, akarudishiwa mwanamume mwenye mke wa Kitanzania na lugha asiyoielewa. Mimi ningekuwa na adabu kama yake? La hasha.

Ijumaa, 28 Julai

Miguu. Nimeamka na neno hilo, na nyuma yake likaja lingine ambalo sikulipenda.

Mchakamchaka.

Nilipokuwa chuo cha ualimu Morogoro, kila alfajiri tulitolewa vitandani tukakimbizwa barabarani, mmoja mbele anaita, kundi linajibu, miguu ndiyo ngoma. Niliuchukia kwa moyo wote. Nimewahi kuandika makala kali nikiuita kwata la kuwazoesha watoto kutii. Ndiyo sababu haukunijia kichwani nilipoulizwa kuhusu muziki: kwangu mimi ulikuwa adhabu. Lakini vijana wa kambi ya wakimbizi wa Afrika Kusini walikuwa wakikimbia barabara ile ile, na siku moja wakajiunga nyuma yetu. Mmoja wao alikuwa anajibu kwa sauti ya fahali, Kiswahili chake kibovu, miguu imeshika mdundo kuliko sisi wenyeji. Niligeuka kuona ni nani mpuuzi huyo anayefurahia.

Niliolewa na huyo mpuuzi.

Alhamisi, 3 Agosti

Nilimweleza Hélène. Hakunicheka. Aliniuliza nani huita, wangapi hujibu, mguu gani huanza, kisha akasukuma viti vyote ukutani.

"Utaita wewe," akasema.

"Mimi nauchukia huu upuuzi."

"Utaita wewe, Maman. Yeye anakujua."

Kwa hiyo mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nne mwenye koti la mahakamani, nilisimama katikati ya ukumbi wa Doornfontein. Nyuma yangu Luka kwenye fremu yake ya kutembelea, Hélène kando akimshika mkanda, kisha Gustave na wengine. Ntsiki alibaki mlangoni na mkoba wake.

"Nani kalala?" nikaita.

"Hakuna!" wakajibu.

"Nani kachoka?"

"Hakuna!"

Tulikwenda taratibu mno, kwa kasi ya fremu. Ilikuwa inagonga sakafu, mguu mzuri unafuata, mguu mbovu unaburuzwa. Mzunguko wa kwanza nilisikia Wakongo tu. Wa pili, nikasikia fremu inagonga pale pale jibu linapoangukia. Nikataka kugeuka. Hélène akanitolea jicho.

"Nani kachoka?"

"Hakuna!" Sauti ya fahali, imekwaruza, imechelewa kidogo, lakini yake.

Niliita tena kwa sababu sikuamini. Akajibu tena. Gustave aliacha mstari akaanza kuruka na mkono wake mmoja hewani. "Aaah, Papa! Papa Luka! Eish! Mdomo imerudi!"

Ntsiki alikuwa ameweka mkoba chini.

Nililia hadharani. Hélène alitungoja tutulie, akatuketisha, akasema kwa upole ule wake unaoniudhi: "Tufurahi. Lakini hii bado si kusema. Ni jibu analolijua mwili. Sasa tunaanza kazi."

Jumatano, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya Afrika Kusini. Nimeulizwa na jirani kama nitaandamana. Naandamana sebuleni, asubuhi na jioni, kutoka mlangoni hadi jikoni, naita. Chiku anajibu kupitia ukutani huku anashona.

Alhamisi, 10 Agosti

Hélène alisema kweli. Sasa Luka ana maneno mawili. Nikimuuliza kama anataka chai: hakuna. Kama ana baridi: hakuna. Anajua amekosea, anapiga ngumi kwenye goti. Ntsiki ameona. "Hata kasuku hujibu, makoti," akasema, na hakusema kwa ubaya, na hilo likaniuma zaidi.

Alhamisi, 17 Agosti

Hélène amebadilisha maswali. Tunatembea vile vile, lakini jibu si moja tena. "Chai au uji?" Mguu, mguu, mguu. "Chai au uji?" Tulizunguka ukumbi mpaka Gustave akaomba poo.

"...uji."

Akasimama, akatuangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyesikia mlango unafunguka chumba cha pili. "Uji," akarudia. Hakika hapendi chai yangu. Miaka yote amekuwa anainywa kwa adabu!

Jumatatu, 21 Agosti

Uji. Maji. Hapa. Pale. Kila neno lazima mguu upige kwanza, hata akiwa ameketi.

Alhamisi, 24 Agosti

Tumefanyia kazi lile hasa lililotuleta: kumwita mtu. Hélène alimketisha sakafuni kwenye godoro, kama mtu aliyeanguka. "Nani kaanguka?" "...Mimi." "Nani aje?" Hapo akakwama. Mguu unapiga, mdomo unatafuta. Uso umemwiva. Nilikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi wangu, nikaliuma. Naandika hili kwa sababu hakuna mtu mwingine atakayejua lilinigharimu nini.

"Chi," akasema. "Chi." Basi. Neno halikutoka zaidi ya hapo.

Jumanne, 29 Agosti

Upepo wa Agosti umeng'oa bati la spaza, kile kiduka cha chini. Ntsiki amepiga simu: Jumapili atakuja na gari la mkwewe. Nimefua nguo zake Luka. Nimezipanga. Nimezipangua.

Jumapili, 3 Septemba

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Ntsiki alifika saa ya chakula. Nilikuwa nimepika wali na maharage ya nazi. Hakuketi. Alisema tusirefushe jambo, kwamba ameona jitihada, kwamba anamheshimu Hélène, lakini makubaliano ni makubaliano: Luka hajaweza kumwita mtu. Nikamwambia ameanza kusema, mwezi mmoja zaidi. Akauliza mwezi huo nikiwa mahakamani atakaa na nani. Nikasema Chiku. Akasema Chiku ana mashine inayopiga kelele kutwa. Nikasema na Komani kuna ng'ombe wanaopiga kelele kutwa. Akasema usiwatukane ng'ombe wa baba. Nikasema ningewatukana kwa lugha tatu kama angependa. Akasema hilo ndilo tatizo langu, maneno, maneno, maneno. Nimeyachukua yote, ndiyo maana mdogo wake hakubaki na hata moja.

Hapo nilisimama. Nilikuwa na hotuba nzima, ina utangulizi, ina ushahidi, na ilikuwa inakuja vizuri. Sikusikia mguu. Ntsiki ndiye aliyesikia. Aliinua kidole.

Luka alikuwa anapiga mguu wa kushoto chini ya meza. Polepole. Vijiko vilikuwa vinatikisika.

"Emi," akasema.

Mguu.

"Nya-ma-za."

Nikanyamaza.

Mguu, mguu. Jasho limemtoka. "Na-ba-ki." Akageuza kichwa kwa dada yake. "Ntsiki. Ka-a. U-le."

Ntsiki hajui Kiswahili. Alinishika mkono kwa nguvu. "Anasema nini? Emiliana, anasema nini?"

Mimi ni mkalimani wa mahakama, na kiapo changu hakiniruhusu kuongeza wala kupunguza. Nikamfasiria yote, na lile la kwanza nikalifasiri kwa uaminifu kuliko mengine: "Ameniambia nifunge mdomo. Amesema anabaki. Amekuambia ukae, ule."

Alikaa. Akaivuta sahani. "Kwa nini si kwa Kixhosa?" akasema, na sauti yake haikuwa ya mwalimu mkuu. "Mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Nilimbeba mgongoni."

Nilimpakulia wali. Luka alimsogezea maharage kwa mkono wa kushoto, akayamwaga nusu mezani.

"Aje?" Mguu. "Nani?" Alikuwa ananiuliza mimi, kwa macho ya mchezo, anarudia lile swali la godoroni. Kisha akavuta pumzi, akaugeukia ukuta, akapiga ngumi mara mbili.

"Chi-ku!"

Mashine ikanyamaza. Viatu vikapita kwenye korido, mlango ukafunguliwa, Chiku akaingia na uzi shingoni. "Abee, baba! Nani kaanguka?"

"Hakuna," akasema Luka, na safari hii lilikuwa jibu sahihi.

Ntsiki alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Halafu akala, akaongezwa, akala tena. Alipoondoka kurudi kwa bintiye, gari lilikuwa na nafasi tupu nyuma, na mimi nilisimama ngazini nikimpungia mkono.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimelala kama gogo.

Alhamisi, 14 Septemba

Ntsiki ameahirisha kurudi Komani. Amemwomba Hélène amruhusu aite. Kiswahili chake kinatisha: "Nani kashoka?" Gustave anamsahihisha, naye anamwambia Gustave kwamba mwanafunzi hasahihishi mwalimu. Leo, baada ya mizunguko mingi, Hélène alimwomba aite kwa Kixhosa, mdundo ule ule. Luka alipiga mguu muda mrefu. Kisha akamjibu dada yake neno moja la Kixhosa. Sikulielewa, wala sikuuliza. Lilikuwa lao.

Jumamosi, 23 Septemba

Tumegombana na Luka kuhusu vitunguu. Anataka vikatwe vinene. Nilitumia hoja saba, yeye akatumia maneno mawili, akashinda. Hewa imekuwa ya joto ghafla, tumefungua madirisha yote.

Jumapili, 24 Septemba

Sikukuu ya urithi, majirani wote wanachoma nyama, moshi umejaa korido. Luka yuko chini anabishana na mtu kuhusu mpira, nausikia mguu wake kutoka hapa. Nimekaa kuandika ukurasa ambao nitaunakili na kuutuma, kwa sababu nimechoka kuwa sahihi ndani ya daftari peke yangu.

Ni kwenu, mnaosimamia wodi za kiharusi katika jiji hili. Muziki mnaupanga Ijumaa mchana, pamoja na keki, ili wagonjwa wachangamke. Uondoeni hapo. Upangeni asubuhi, mtu aandikiwe kwa jina kama anavyoandikiwa dawa ya presha, na apewe na aliyesomea kazi hiyo. Mnapomwona mzee wa uhamishoni msimchagulie nyimbo kwa kuangalia historia yake. Mtafuteni dada aliyemlea na mke aliyezeeka naye, waketisheni chumba kimoja hata kama hawapendani, muwaulize: wengine walipokuwa wanaimba, yeye alikuwa anafanya nini? Msiishie kuuliza lugha ya mama yake. Ulizeni pia lugha anayoitumia kugombana nyumbani.

Na nyinyi wake, waume na mawifi mliozunguka kitanda: swali likiulizwa kwa mgonjwa, fungeni midomo. Najua jibu mnalo. Ngojeni lake.